Kanisa la Boga na Lugha Zake: Kutoka kwa Apolo Kivebulaya hadi Kanisa la Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili anayelisikia jina la mahali hapa kwa mara ya kwanza hucheka. Waingereza waliliandika Mboga, Wabelgiji wakaliandika Boga, na kwetu sisi tunaosoma Kiswahili jina la kwanza ni majani ya kupikia na la pili ni tunda la shambani. Wenyeji hawacheki, kwa sababu kwao Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani, na kwa miaka mingi hakikuwa lugha ya kanisani pia. Leo kanisa lililoanzia Boga limeenea katika sehemu kubwa ya Kongo, na upande wa mashariki ibada zake nyingi husomwa kwa Kiswahili. Insha hii inajaribu kueleza jinsi badiliko hilo lilivyotokea, na ni nani waliolibeba.

Boga ni mji mdogo ulioko Ituri, juu ya ukingo wa bonde la mto Semliki, upande wa pili wa milima ya Rwenzori ukitokea Uganda. Mashariki yake kuna bonde lenye joto na nyasi ndefu. Magharibi yake unaanza msitu mkubwa wa Ituri. Watu wa Boga ni Wahema wa kusini, na lugha yao ni ileile ya Bunyoro na Toro, au tuseme ni ya karibu sana kiasi kwamba mtu wa Fort Portal akifika huko hahitaji mkalimani. Mwishoni mwa karne ya 19 mtawala wao, Tabaro, alihesabiwa kuwa chini ya mfalme wa Toro. Kwa hiyo Ukristo ulipoingia Toro, haikuwa ajabu kwamba ungefuata njia hiyohiyo na kuvuka mto.

Walimu wa kwanza walikuwa Waganda wawili, Petero Nsugewadde na Sedulaka Makwata, waliotumwa kutoka Toro mwaka 1896. Hawakukaa. Tabaro hakupenda mafundisho yao, hasa yale yaliyohusu wake wengi na pombe, naye akatumia silaha rahisi kuliko zote, yaani kuwanyima chakula. Mgeni asiye na shamba hana ujanja mbele ya mtawala wa namna hiyo. Walirudi Toro, na mwishoni mwa mwaka huohuo akatumwa mtu wa tatu.

Mtu huyo ndiye Apolo. Alizaliwa Buganda katikati ya miaka ya 1860, akiwa pacha, kwa hiyo akaitwa Waswa. Ujana wake aliupitia katika vita vya dini vya Buganda, na kwa muda alikuwa upande wa Waislamu. Alibatizwa Januari 1895 na kupewa jina la Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu kwa sababu ya koti la Kizungu alilopenda kulivaa. Hapa naomba wasomaji wenzangu wasimame kidogo, maana jina hili ni somo zima la isimu. Kwa Kiganda maana yake ni "kitu kilichotoka Bulaya", na Bulaya si neno jingine ila Ulaya yetu, iliyopanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara, ikafika Buganda, ikavaa kiambishi cha Kiganda na kuwa mwenyeji. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kulijenga kanisa ambalo halikutumia Kiswahili alikwenda huko akiwa na Kiswahili ndani ya jina lake.

Kwamba kanisa hilo halikutumia Kiswahili halikuwa jambo la bahati. Alexander Mackay, mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kufundisha kwa kutumia maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Zanzibar na Askofu Edward Steere, kwa sababu watu wa ikulu ya Kabaka Mutesa walikuwa wamekwisha kukijua Kiswahili kutoka kwa Waarabu na Waswahili. Mackay alitamani siku moja lugha hiyo iunganishe Afrika ya kati yote. Alfred Tucker, aliyekuwa askofu kuanzia 1890 hadi 1911, alikuwa na mtazamo mwingine kabisa. Kwake Kiswahili kilikuwa mlango wa Uislamu, na aliona heri Kiingereza mara mia. Maneno yake juu ya jambo hili yanajulikana sana na wanafunzi wa historia ya Kiswahili Uganda, na mhadhiri yeyote anayefundisha sera ya lugha huyataja. Nisichokiona kikitajwa mara nyingi ni kwamba Tucker huyohuyo ndiye aliyempa Apolo ushemasi Desemba 1900 na ukasisi mwaka 1903. Mkono uliokifungia Kiswahili mlango Kampala ndio uliomwekea wakfu kasisi ambaye kanisa lake lingekuja kusali kwa lugha hiyo.

Lakini nimekwenda mbele mno. Tumrudie Apolo akiwa njiani mwaka 1896.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kuvuka alinunua jembe. Kama masimulizi hayo ni ya kweli, basi alikuwa ameelewa jambo ambalo wenzake waliomtangulia hawakulielewa: kwamba swali la kwanza Mboga lingekuwa chakula, na lile la imani lingefuata nyuma. Alilima na akafundisha kusoma. Katika Uganda ya wakati huo Mkristo aliitwa "msomaji", na hilo halikuwa jina la mfano, kwa sababu aliyetaka kubatizwa ilimbidi kwanza ajue kusoma. Watu wachache walianza kumfuata. Tabaro alimpinga kama alivyowapinga wale wa kwanza. Apolo alipigwa hadi akadhaniwa amekufa, na nyumba yake ikachomwa moto.

Kisha likatokea tukio lililokaribia kulimaliza kanisa hilo kabla halijaanza. Mwanamke wa ukoo wa Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umeachwa kwenye nyasi akafa, na Apolo akashitakiwa kwamba amemuua. Akafungwa na kupelekwa Fort Portal kwa maafisa wa Kiingereza. Baadaye aliachiliwa, maana ilionekana kifo kile kilikuwa ajali. Mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba katika siku hizo za dhiki alimwona Kristo katika maono, naye akamtia moyo. Mwanahistoria hawezi kuyapima maono kwa rula, ila anaweza kupima matokeo yake. Mtu aliyepigwa na kufungwa kwa ajili ya mahali fulani alifunguliwa akiwa kwao upande wa mashariki, akiwa huru kwenda kokote, naye akarudi palepale. Tabaro mwenyewe hatimaye akaomba ubatizo na kuitwa Paulo. Jina hilo alilichagua mtu aliyejua habari za mtesaji aliyegeuka.

Apolo hakukaa Mboga mfululizo. Alitumika miaka mingi katika Toro, na katika kipindi hicho kulitokea mambo mawili yaliyoamua mustakabali wa parokia hii kuliko mahubiri yoyote.

La kwanza ni lugha. Walimu Waganda walikuja na vitabu vya Kiganda, na kwa miaka ya mwanzo Watoro walisoma neno la Mungu kwa lugha ya jirani aliyejiona mkubwa wao. Hawakuridhika. Mmisionari H. E. Maddox alifanya kazi ya kutafsiri, na Biblia nzima ya Kinyoro ikakamilika mwaka 1912. Kwa Watoro, na kwa Boga pamoja nao, hicho kilikuwa kitabu cha heshima. Kusali kwa Kinyoro kulimaanisha kwamba si Waganda tena wanaotusemea. Jambo hili lazima likumbukwe na yeyote anayewalaumu wazee wa Boga kwa kung'ang'ania Kinyoro baadaye. Walikuwa wamekipigania.

La pili ni mpaka. Kwa mkataba wa mwaka 1910 Uingereza na Ubelgiji ziligawana upya eneo la Semliki, na Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Waliochora mstari hawakuuliza parokia ilikuwa ya nani. Ikawa sasa kanisa liko chini ya askofu wa Uganda, waumini wako chini ya serikali ya Brussels, na lugha ya ibada ni ya ng'ambo ya mto. Mwaka 1915 Apolo alirudi kuishi huko moja kwa moja. Alikuwa na umri wa miaka kama 50, hakuwa na mke, na wala hakuoa hadi mwisho.

Serikali ya Kongo ilizipendelea misheni za Kikatoliki, ambazo iliziita za kitaifa. Waprotestanti walihesabiwa kuwa wageni, na shule zao hazikupata ruzuku ya serikali hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Isitoshe, Waprotestanti wenyewe walikuwa na makubaliano ya kugawana maeneo, na Ituri ilikuwa imekwisha kugawiwa kwa misheni nyingine. Waanglikana wakaambiwa, kwa maneno mengine, kaeni Boga. Kwa hiyo ilikuwepo parokia moja ya Kianglikana katika nchi kubwa kuliko Ulaya ya magharibi, na ilibaki hivyo hadi uhuru wa 1960. Kwa muda mrefu haikuwa hata na mmisionari Mzungu wa kudumu. Wengine huliona jambo hilo kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa ufunguo wa historia yote ya Boga, kwa sababu lilifanya makasisi na walimu wa hapo wawe Waafrika tangu siku ya kwanza, kwanza Waganda na Watoro, kisha wenyeji.

Katika miaka hiyo ya mwisho Apolo aliingia msituni. Kuanzia 1921 aliwatembelea Wambuti, akakaa kwenye kambi zao, na akafanya kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko kwa lugha yao. Kazi hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane Uingereza, kwa sababu A. B. Lloyd, mmisionari aliyemfahamu Toro, aliandika habari zake katika vitabu vidogo vilivyosomwa sana huko, cha kwanza kikitoka mwaka 1923. Vitabu hivyo vina faida, lakini vinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Lloyd aliwaandikia watu wa Uingereza waliotaka kusikia habari za msitu, mbilikimo na shujaa mpweke. Katika kurasa hizo Boga yenyewe, pamoja na siasa zake, mashamba yake na ugomvi wake wa koo, inakuwa kama jukwaa tu. Kwa bahati Apolo aliandika shajara kwa mkono wake, kwa Kiganda, na zimehifadhiwa Makerere. Tofauti inasema mengi: Lloyd anamtazama Apolo akiingia msituni, ilhali shajara ni za mtu anayehesabu siku, safari na watu.

Alifanywa kanoni wa Namirembe mwaka 1922. Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, badala ya mashariki, upande wa kwao. Kazi ikabaki mikononi mwa watu aliowalea mwenyewe, miongoni mwao Nasani Kabarole na Yusufu Limenya. Walimu wa aina hii hawajaandikiwa vitabu vingi. Walipanda mlima na kushuka, walibatiza, walizika, walifundisha watoto kusoma Kinyoro, na parokia ikaendelea kuwepo.

Baada ya 1960 kifungo kilivunjika, lakini si kwa sababu kanisa lilipanga kampeni. Watu walihama. Vijana wa Boga waliosoma walikwenda Bunia kutafuta kazi, wengine Kisangani, wengine Goma na Bukavu. Wengine walisukumwa na vita vya waasi vya 1964. Walipofika mjini walitafuta ibada waliyoizoea, wasiipate, wakaanza kukusanyika majumbani. Kisha wakaandika barua Boga kuomba mwalimu. Mwaka 1972 Boga-Zaire ikafanywa dayosisi na kutengwa na dayosisi mama ya Uganda, askofu wake wa kwanza akiwa Mwingereza Philip Ridsdale. Mwaka 1976 ikazaliwa dayosisi ya Bukavu chini ya Bezaleri Ndahura, ambaye mwaka 1980 akawa askofu mkuu wa kwanza wa jimbo jipya la nchi zinazotumia Kifaransa, yaani Zaire, Rwanda na Burundi. Byankya Njojo aliipokea Boga mwaka huohuo, na mwaka 1992, Zaire ilipopata jimbo lake yenyewe, ndiye aliyekuwa askofu mkuu. Ndani ya miaka 32 parokia moja imekuwa kanisa la nchi nzima. Hapa napita upesi, kwa sababu majina na miaka ya maaskofu ni rahisi kupatikana, na kwa maoni yangu mambo makubwa yalikuwa yakitendeka chini yao, kwenye viti vya nyuma.

Katika ile mikusanyiko ya majumbani, Kinyoro kilitosha kwa mwaka mmoja au miwili. Halafu akaja jirani Mlendu, mke wa mtu kutoka Butembo anayesema Kinande, mwanafunzi wa Kisangani. Hapakuwa na uamuzi wa mkutano wa kwamba sasa tuhame. Mhubiri alimwona mgeni mlangoni, akageuza sentensi. Kiswahili cha Ituri, kile kilichoitwa Kingwana, kilikuwa lugha ya soko, ya shule na ya barabara. Nyimbo zikafuata, na kitabu cha sala kikafuata nyuma ya nyimbo. Huko Boga kwenyewe wazee walikitazama Kiswahili kama lugha ya watu wa kupita. Kuwaambia waweke kando kitabu alichowasomea Apolo ilikuwa sawa na kuwaambia waweke kando Apolo mwenyewe.

Nakubali kwamba walikuwa na hoja. Wapenzi wa Kiswahili, na mimi nimo, tunapenda kusema kwamba lugha hii iliunganisha watu kwa sababu haina kabila. Kwa Kongo hilo ni nusu ya ukweli. Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, ile ya Tippu Tip na wenzake, na kikaendelea na dola la kikoloni lililohitaji lugha ya kuamrishia vibarua. Hakikuwa mgeni asiye na hatia. Lakini Kinyoro nacho kilikuwa na mzigo wake. Nje ya Boga kilimtambulisha anayekisema kuwa Mhema, na kanisa linalosali kwa Kinyoro lilitazamwa na Walendu, Wangiti na wengine kuwa kanisa la Wahema. Vita vya Ituri vilipolipuka mwaka 1999 kati ya Wahema na Walendu, na kuua maelfu ya watu, suala la lugha ya ibada lilikoma kuwa suala la ladha. Mtu aliweza kuuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza: nikiingia humu, wimbo wa kwanza utanihesabu upande gani? Kiswahili hakikuleta amani Ituri, asiwepo wa kudai hivyo. Kilichofanya ni kwamba Mlendu na Mhema waliweza kukaa kwenye benchi moja bila mmoja wao kuwa mgeni kwa mwenzake zaidi ya mwingine.

Boga yenyewe haijapata pumziko. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, mara tu baada ya siku ambayo Waanglikana humkumbuka Apolo, wapiganaji walivamia Boga na Tchabi iliyo jirani, wakaua zaidi ya watu 50, na maelfu wakakimbia.

Watu wa Ituri wamekuwa wakikimbilia kwetu Uganda kwa miaka mingi, na hapo ndipo nilipokutana na historia hii kabla sijaisoma kitabuni. Mimi ni Mtoro. Kaaka yangu, yaani bibi mzaa mama, alikuwa na imani kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, na nilipomwambia nakwenda kukisomea chuo kikuu aliniuliza kama nimekosa alama za kusoma kitu kingine. Katika kanisa letu nyumbani sikuwahi kusikia hata salamu moja ya Kiswahili ikitoka madhabahuni. Tucker alikwisha kufa zamani, lakini kwa Kaaka alikuwa bado anaongoza dayosisi.

Wakati wa likizo ya mwaka wa pili nilikwenda na kikundi cha vijana kwenye makazi ya wakimbizi, na Jumapili tukaingia ibadani. Jengo lilikuwa la miti na turubai. Liturujia ilikuwa yetu kabisa, hatua kwa hatua, ila ilikuwa kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza maungamo niliyoyajua kwa moyo tangu utotoni niliyasikia kwa lugha niliyoisomea darasani. Kasisi aliyealikwa kuhubiri alikuwa Mganda... hapana, alikuwa Mtoro kama mimi, wala hakujua Kiswahili. Alihubiri kwa lugha yetu. Akasimama mzee mmoja kutoka Boga kumtafsiria, na akaifanya kazi hiyo bila kukwama, kwa sababu lugha ya mhubiri ndiyo aliyobatiziwa. Mhubiri alipomtaja Kanoni Apolo, mzee hakutafsiri mara moja. Alimgeukia kasisi akamwuliza jambo kwa sauti ya chini, kwa Kinyoro, nasi tuliokaa mbele tukasikia: alitaka kujua kama Uganda bado wanamkumbuka. Kasisi akajibu kwamba wanamkumbuka. Ndipo mzee akageuka kwa watu akaendelea kwa Kiswahili.